Mfaa wa Bahari: Bagamoyo na Hesabu ya Maji Kujaa na Kupwa

Ukitaka kujua kwa nini Bagamoyo ilipokonywa hadhi ya mji mkuu wa koloni la Wajerumani, shuka ufukweni siku ya mwezi mpevu, saa nne na nusu asubuhi. Utakuta bahari imeondoka. Mashua na majahazi yamelala ubavu mchangani, nanga ziko wazi kama majembe yaliyosahauliwa shambani, na watoto wanapiga mpira mahali ambapo alfajiri palikuwa na maji ya kumzamisha mtu mzima. Muulize baharia yeyote vyombo vitaelea saa ngapi. Hatatazama simu. Atatazama mstari wa maji, atakumbuka leo ni mwezi ngapi, kisha atajibu: "Alasiri." Na alasiri vyombo vitaelea.

Baharia huyo hajaandika kitu, lakini amekokotoa kile ambacho darasani huitwa fankisheni: kanuni inayopokea kitu kimoja na kurudisha kimoja. Ipe saa, nayo itakupa kimo cha maji. Saa moja haina vimo viwili. Zipange saa kwa mlalo na vimo kwa wima, unganisha nukta, utapata mchoro wa wimbi linalopanda na kushuka bila kuchoka. Pwani hii, kutoka Bagamoyo hadi Mbegani, imeishi chini ya mchoro huo mmoja kwa karne nyingi. Umesogezwa, umenyooshwa, umepinduliwa, na kila zama ilipata riziki au hasara kwa kadiri ilivyojua kuusoma.

Kabla ya bahari, tupite kwanza kwenye mlango. Katika mitaa ya kale ya Bagamoyo bado imesimama milango ya nakshi. Kila mlango una mbao mbili, dume na jike, na katikati yake kuna mfaa, ule mhimili mwembamba unaoziba ufa zinapofungwa. Ukiweza kuukunja mlango juu ya mfaa, ubao wa kulia utalala sawasawa juu ya wa kushoto, ua juu ya ua, msumari juu ya msumari. Huko ni kuakisi. Kwenye miimo ya pembeni fundi alifanya jambo la pili: alichonga pete moja ya mnyororo, akaisogeza juu kidogo, akairudia, akaisogeza tena mpaka akafika kwenye kizingiti cha juu. Huko ni kusogeza. Fundi hakupita darasa la aljebra, ila alijua kwamba kitu kinaweza kurudiwa bila kuharibika kwa kupinduliwa au kwa kusogezwa. Bahari iliyo mbele ya mlango wake inafanya yote mawili.

Mfaa wa bahari ni ile dakika ambayo maji yamejaa pomoni, hayapandi wala hayajaanza kushuka. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 12. Kutoka kujaa hadi kupwa ni hivyo hivyo. Mabaharia wana kanuni ya kale ya kugawa mwendo huo katika mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Tuchukue mita 3 kamili. Maji yatapanda sentimita 25 saa ya kwanza, 50 ya pili, 75 ya tatu, 75 ya nne, 50 ya tano na 25 ya sita. Isome orodha hiyo mwisho kwenda mwanzo, haibadiliki. Anayeokota chaza kwenye fungu la mchanga anaijua kwa miguu yake: maji yakianza kurudi hayatishi, lakini ikifika saa ya tatu yanakuja mbio, na aliyekawia atarudi akiogelea.

Kiswahili kina majina ya ulinganifu huu tangu zamani. Namba 2, 4 na 6 ni shufwa. 1, 3 na 5 ni witiri. Wengi pwani huyasikia maneno haya msikitini baada ya sala ya isha kabla ya kuyasikia shuleni. Wanahisabati wanazigawa baadhi ya fankisheni hivyo hivyo. Zidisha 3 kwa yenyewe, unapata 9. Zidisha hasi 3 kwa yenyewe, unapata 9 vilevile. Mchoro wa x² una mfaa katikati, kushoto na kulia sawa, na huo ni shufwa. Lakini 3 ikipandishwa hadi kipeo cha tatu ni 27, na hasi 3 ni hasi 27: upande mmoja unapanda, wa pili unazama kwa kipimo kile kile. Huo ni witiri. Sasa rudi ufukweni. Ukianza kuhesabu saa pale maji yalipojaa, mchoro ni shufwa, kwa kuwa saa mbili kabla na saa mbili baada zina kimo kimoja. Ukianza kuhesabu katikati ya kujaa, na vimo ukavipima kutoka hapo hapo, mchoro ni witiri. Maji hayajabadilika. Kilichobadilika ni mahali uliposimama ukaanza kuhesabu, na mahali pa kusimama, kama tutakavyoona, pakaja kuamua hatima ya mji mzima.

Kilomita zipatazo 5 kusini mwa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole: msikiti ambao msingi wake ni wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo yaliyozungukwa na minazi. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachimba mwaka 1958. Leo ukisimama pale unaona mikoko, lakini zamani hiyo ilikuwa bandari, na watu wake waliishi ndani ya wimbi jingine, refu kuliko la maji: wimbi la pepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na jahazi la kutoka Oman au Ghuba linashuka nalo hadi huku. Kuanzia Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, na jahazi linarudishwa kwao. Kusi ni kaskazi iliyopinduliwa, ingawa si pacha kamili, kwani kusi ina nguvu zaidi, na kilele chake kimewafunga wengi bandarini. Nahodha aliyekosea majira alilala ugenini mwaka mzima. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika karne ya 15, aliyaandika majira hayo kwa ajili ya mabaharia wenzake, na akatunga shairi zima juu ya njia ya Sofala. Alipima kimo cha nyota kwa kamali, ubao mdogo wenye uzi wa mafundo, na kipimo chake kilikuwa upana wa vidole.

Ili kuufuata upepo, mabaharia walihitaji kalenda ya jua. Wakahesabu siku kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka, wakizigawa katika miongo ya siku kumi kumi, jumla siku 365. Kando yake ilikuwapo kalenda ya dini, ya mwezi, yenye siku 354. Kati ya hizo mbili kuna siku 11, na kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku hizo 11. Katika lugha ya grafu, mchoro ni ule ule, umesogezwa tu kushoto. Baada ya miaka 33 hivi mzunguko unatimia: aliyeanza kufunga utotoni wakati wa masika ataikuta tena Ramadhani ya masika akiwa mtu mzima mwenye watoto wanaojifunza kufunga. Nairuzi nayo, kwa kukosa siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, hujongea polepole, siku moja kwa miaka minne. Watu wa pwani hawakuhitaji kuchora haya. Waliyaishi, wakayapatanisha kichwani, wakapanga safari na sikukuu bila kuvigonganisha.

Hesabu yenyewe ilikuwa na jina tayari, na jina hilo lilipita bahari hii hii. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kukamilisha na kusawazisha milinganyo, na neno lake la kukamilisha, al-jabr, likawa aljebra ya dunia nzima. Mzizi wake ndio uliotupa jabari. Katika kitabu hicho hakuna x wala mchoro wa grafu. Kila tatizo limeandikwa kwa maneno, na sehemu kubwa inahusu mirathi: mume, mke, watoto, fungu la nusu, la robo, la thumni. Kadhi wa pwani aliyegawa shamba la minazi kati ya warithi alitumia hesabu ya ukoo huo. Grafu ilichelewa. Ilibidi kungoja mpaka 1637, Mfaransa René Descartes alipounganisha umbo na mlinganyo, ndipo ikawezekana kulitazama wimbi na kuliandika kwa herufi.

Katika karne ya 19 Kaole ilikuwa imekwisha nguvu. Mikoko na matope vilikuwa vimeiziba bandari yake, na uhai ulikuwa umehamia kaskazini kidogo, Bagamoyo, mkabala na Unguja. Sultani Seyyid Said alipokwisha kuhamishia makao yake Unguja, mji huu ukawa mlango wa bara. Njia ya kwenda Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200, iliishia kwenye mchanga wake. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Na kwa njia hiyo hiyo waliletwa watu waliotekwa na kuuzwa. Mwaka 1868 Padri Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni yao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondokea hapa kumtafuta David Livingstone. Februari 1874, Susi na Chuma, wafuasi wa Livingstone, pamoja na wenzao waliuleta mwili wake ufukweni baada ya kuubeba kwa miezi, ukavushwa kwenda Unguja.

Swali ni kwa nini biashara kubwa kiasi hicho ilichagua ufukwe usio na bandari. Bagamoyo haina ghuba wala mlango wa maji ya kina. Ina mteremko mpole wa mchanga, basi. Jibu ni lile wimbi. Jahazi liliingia maji yakiwa yamejaa, likatia nanga karibu na nchi kavu. Maji yakapwa, likakaa mchangani kwa ubavu. Kwa saa kadhaa watu wakashusha na kupakia mizigo wakitembea kwa miguu, hawana gati, hawana winchi. Maji yakarudi, jahazi likainuka lenyewe, likaondoka. Kwa chombo cha mbao, kupwa kulikuwa gati la bure linalojengwa na kubomolewa mara mbili kwa siku. Mwenye jahazi alichopaswa kujua ni saa tu.

Wakati Bagamoyo ikihesabu kwa siku za mwezi, Uingereza ilikuwa ikitengeneza mashine ya kazi hiyo hiyo. Isaac Newton alikuwa ameeleza mwaka 1687 kwamba mwezi na jua ndivyo vinavyoyavuta maji. Mwaka 1872 William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alibuni chombo cha magurudumu na uzi kilichojumlisha mawimbi na kuchora maji ya siku zijazo. Kiini chake kinaeleweka na yeyote aliyekulia pwani. Kuna wimbi la mwezi, linalorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Na kuna wimbi la jua, dogo zaidi, linalorudi kila saa 12. Mwezi unapoandama na unapopevuka, vilele vya mawimbi hayo hukutana, na jumla yake hunyooka kwenda juu na chini: hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kilele cha moja huangukia bonde la jingine, mchoro ukabanwa, na tofauti ya kujaa na kupwa ikabaki kama mita moja: hayo ndiyo maji mafu.

Tena, kwa kuwa mawimbi mawili ya mwezi hutimia kwa saa 24 na dakika 50, kila siku mchoro wote husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikiwa leo maji yamejaa saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Baada ya siku saba yatakuwa yamesogea karibu saa sita, nusu ya wimbi zima, na saa kumi jioni utayakuta yamekupwa. Tazama jambo hili kwa makini, maana vitabu hulitaja kwa mstari mmoja wakati bahari hulionyesha kwa wiki nzima: wimbi likisogezwa kwa nusu yake, ni sawa na kulipindua juu chini. Kusogeza na kuakisi, zile kazi mbili za fundi wa milango, hapa zinakutana zikawa kazi moja.

Wajerumani walikuja na meli za chuma. Agosti 1888 kampuni yao ilipoanza kushika forodha za pwani chini ya mkataba na Sultani, nchi iliwaka. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita kutoka Pangani hadi Bagamoyo, na Bwana Heri bin Juma akaishikilia Saadani. Berlin ikaleta askari. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bagamoyo, iliyoharibiwa vibaya na vita, ikabaki makao ya utawala mpya. Haikudumu. Mwaka 1891 makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam.

Hapa ndipo lile suala la mahali pa kusimama linapodai jibu. Kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 65. Mwezi ni mmoja, jua ni moja, bahari ni moja. Maji hujaa karibu saa zile zile na hupanda karibu kimo kile kile. Ukichora grafu za miji hiyo miwili, mawimbi yatafanana kama watoto wa mama mmoja. Tofauti ni kina cha chini. Katika aljebra huandikwa hivi: kama wimbi ni y = f(x), basi y = f(x) + c ni wimbi lile lile lililoinuliwa zima zima kwa kiasi c. Halinyooki, halibanwi, halipinduki. Linapanda tu kama nguo iliyotundikwa kamba ya juu zaidi.

Hapa c ni kina cha maji yakiwa katika usawa wa kati. Tuseme, kwa mfano, meli inahitaji mita 5 ili isiguse chini, na wimbi hupanda na kushuka mita 1.5 kutoka usawa wa kati. Mahali ambapo c ni mita 2, kina kitakwenda kati ya mita 0.5 na 3.5, na meli hiyo haitaingia hata siku ya bamvua kubwa. Mahali ambapo c ni mita 8, kina kitakuwa kati ya 6.5 na 9.5, na meli itaingia saa yoyote, mwezi wowote, bila kumuuliza mtu. Jahazi liliweza kuishi na c ndogo kwa sababu halikuogopa kulala mchangani. Meli ya chuma ikilala mchangani imekwama, na kama ni ya vita, imekuwa shabaha. Bagamoyo ililazimisha meli kutia nanga mbali na kushusha kila kitu kwa mashua; Dar es Salaam ilikuwa na mlango wa maji ya kina na hifadhi ndani yake.

Sultani Majid wa Zanzibar aliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1860 alianza kujenga mji kwenye bandari hiyo, ila alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wajerumani walimalizia hesabu yake. Mwaka 1905 walianza reli ya kati kutokea Dar es Salaam, na kufikia 1914 ilikuwa imegusa Kigoma. Pembe, nta na kila mzigo uliokuwa ukishuka Bagamoyo ukapata njia nyingine. Vita vilikuwamo, siasa ilikuwamo, hofu ya mji uliopigana ilikuwamo. Lakini viongeze au vipunguze vyote hivyo, c inabaki pale pale.

Na hiyo c haijasahaulika. Mwaka 2013 Tanzania ilitia saini na kampuni ya China makubaliano ya awali ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini kidogo ya Kaole. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyakataa masharti yake, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yangefufuliwa. Ukiondoa karatasi na wino, kuchimba bandari mahali kama hapo ni kununua c kwa fedha: kulichimba lile ambalo maumbile yalilitoa bure Dar es Salaam na kulinyima Bagamoyo.

Hayo ndiyo yaliyopita. Lililobaki ni la darasani. Kuanzia mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, shule zetu za msingi zilianza kufundisha kwa Kiswahili, na shufwa na witiri zikaingia madaftarini mwa watoto wa nchi nzima. Lakini mtoto akivuka kwenda sekondari, hesabu inabadilisha lugha. Kwa miaka mingi kidato cha pili kimesoma kuakisi, kuzungusha na kusogeza maumbo, na kidato cha tatu kimechora grafu za fankisheni, yote kwa Kiingereza, yote ubaoni, huku akina mama wa kijiji cha Mlingotini, jirani na Bagamoyo, wakipanga kazi ya shamba la mwani kwa kujua hasa ni siku zipi maji yatakupwa sana na ni saa ngapi. Mtoto anaambiwa kwamba f(x − 3) inakwenda kulia, naye anashangaa kwa nini alama ya kutoa isirudi kushoto. Hakuna aliyemkumbusha kwamba maji yaliyochelewa saa 3 ni yale yale ya saa 3 zilizopita.

Basi, mwalimu wa hisabati wa Bagamoyo, Saadani, Pangani au Kunduchi: mwezi ukipevuka, wapeleke wanafunzi ufukweni asubuhi. Chomekeni ufito mrefu wenye alama za sentimita kando ya mstari wa kupwa, ndipo mtoke na kuusoma kutoka juu, kila nusu saa, mpaka maji yajae na kuanza kushuka tena. Chora grafu, kisha uikunje karatasi kwenye kilele muone pande zake zinavyolaliana. Baada ya siku saba rudini saa zile zile, mpime upya. Watakaporudi na grafu ya pili mkononi, imepinduka na kubanwa, usianze kwa kuwapa kanuni. Waulize kwanza nini kimetokea, na waache wajibu kwa Kiswahili.